Monita ya 4K haitakupa rangi

Limenirudia tena. Kijana mmoja wa studio ya harusi pale Area C, hapa Dodoma, kanitumia picha ya monita aliyoifuata Kariakoo: inchi 32, 4K, nailoni haijabanduliwa. Chini yake kaandika, "Kaka, hapa sasa nikigredi rangi zinatoka sawasawa, au siyo?" Kugredi ni kurekebisha rangi na mwanga wa video. Swali hili nimelijibu kwenye simu, kijiweni, hata ukumbini huku MC anapiga kelele, na wengine wananiuliza mara ya pili. Sasa naliandika, atakayeuliza nitamtumia linki.

4K ni idadi ya nukta. 3840 kwa 2160, milioni nane na ushee, wakati Full HD ina milioni mbili. Nukta nyingi zitakuonyesha kope za bibi harusi moja moja. Hazitakuambia kama shela lake ni jeupe au limeingia ubluu. Monita ya HD iliyopimwa na kusawazishwa inaishinda ya 4K iliyotoka kwenye boksi leo, na wala hazikaribiani.

Kwa kazi zetu nyingi, yaani harusi, sendofu, dokumentari za mashirika, vipindi vya YouTube, unatafuta monita inayoifikia Rec.709 yote (kiwango cha rangi za televisheni ya HD), nyeupe yake ikae D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana), gama 2.4 (mpando wa mwanga kutoka nyeusi hadi nyeupe; ya mtandaoni nitairudia mwishoni), mwanga niti 100 (niti ni kipimo cha ung'avu wa kioo). Paneli ya aina ya IPS inatosha, ya aina ya TN usiiguse. Ukishaiwasha, zima kila kitu ambacho boksi lake linakisifia: kontrasti inayojibadilisha yenyewe, modi ya sinema, modi ya gemu, kuongeza makali. Kwenye mashine zima ile taa ya usiku, na kama ni Mac zima True Tone. Iache iwake nusu saa ndipo uipime. Na kipima rangi, kile kidude cha kutundika mbele ya kioo, kinunuliwe kabla ya monita ya pili, kabla ya kiti cha gemu, kabla ya taa za kumetameta. Kama bei inauma, changeni studio tatu nne mnunue kimoja. Harusi za watu msiowajua mnachangia, hiki kitawashinda?

Niti 100 ndiyo wanayoikataa wote. "Mbona giza?" Monita nyingi zinatoka dukani na niti 250, 300 na zaidi. Ukigredi hapo, kila uso unaonekana umezidi mwanga, kwa hiyo unaushusha. Mteja anaenda kufungua video kwenye televisheni ya sebuleni, anakuta babu wa bwana harusi kabaki kofia na meno. Na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaoumizwa zaidi, maana kwenye wevufomu (grafu ya mwanga wa picha) uso wetu unakaa chini, jirani na koti na nywele. Kosa dogo ambalo kwenye uso mweupe usingeliona, kwetu linafuta shavu zima.

Haya, tufike kwenye linalonikera kuliko yote. Tuseme monita ni nzuri na imepimwa. Bado picha inatoka kwenye programu, inapita kwa Windows, inapita kwenye kadi ya grafiki, ndipo inafika kwenye kioo, na kila kituo kinaweza kuichezea bila kukuaga. Angalia reinji, yaani namba zinazotumika kutoka nyeusi hadi nyeupe. Video ya biti 8 inaweka nyeusi kwenye 16 na nyeupe kwenye 235. Kompyuta inatumia 0 hadi 255. Ukichomeka HDMI, kuna kadi zinazodhani zimekutana na televisheni, zinatuma 16 hadi 235, kumbe monita inasubiri 0 hadi 255. Nyeusi inageuka kijivu. Kijana anaona picha imefifia, anaongeza kontrasti mpaka jicho liridhike, anarenda, faili linatoka vivuli vimezama. Ikigeuka upande wa pili, monita inameza vivuli, yeye anaviinua, kazi inatoka imepauka. Na muda wote huo skopu, yaani grafu za programu kama ile wevufomu, zilikuwa wazi palepale zikimwambia ukweli!

Skopu zinasoma namba zilizomo ndani ya programu. Hazina habari na monita yako wala waya wako wa HDMI. Kwa hiyo wevufomu ikisema nyeusi imegota sakafuni halafu jicho linakwambia ni kijivu, ugonjwa hauko kwenye picha. Toa mkono kwenye magurudumu ya rangi, nenda kwenye mipangilio ya kadi, weka reinji kamili, hakikisha na menyu ya monita inasema hivyohivyo. Ni kazi ya dakika chache, lakini nimeona watu wakigredi msimu mzima wa harusi bila kuifanya, kisha wanalaumu kamera.

Kuna kundi la pili, hawa angalau wana kipima rangi. Wanatengeneza profaili ya ICC (faili linaloeleza rangi za monita), wanaiweka Windows, wanashusha pumzi. Jamani, DaVinci Resolve, programu yetu ya kugredi, kwenye Windows haiitumii profaili hiyo kwenye dirisha lake la picha. Kile kipande kidogo cha profaili kinachopakiwa kwenye kadi kitanyoosha nyeupe na mpando wa kijivu, basi. Kama monita yako ina rangi pana kuliko Rec.709, nyekundu iliyozidi itabaki imezidi, na udongo wa Hombolo utawaka mpaka uanze kuutoa rangi usiyostahili kutolewa. Dawa ni kutengeneza LUT ya 3D (jedwali la kubadilisha rangi), programu ya DisplayCAL inafanya hivyo bure, kisha uiweke kwenye mipangilio ya projekti, sehemu ya LUT ya monita. Usiiweke kwenye nodi, yaani kwenye hatua za gredi yenyewe. Ukiiweka kwenye nodi umempelekea mteja kasoro za monita yako zikiwa zimegeuzwa kinyume. Mac ina kitufe chake cha kutumia profaili, na ina balaa lake la gama kwenye QuickTime ambalo leo siligusi.

Njia iliyo safi kabisa ni kadi ya kutolea video, DeckLink au UltraStudio, inayochukua picha moja kwa moja kutoka Resolve bila kupitia rangi za Windows. Na kwa taarifa ya wapenzi wa 4K: UltraStudio Monitor 3G inaishia 1080p. Mtu mwenye kidude hicho na monita ya HD iliyopimwa anaona rangi ambazo wewe na inchi 32 zako unazikisia.

Kompyuta yenyewe nitaipita haraka. RAM GB 32, SSD ya picha iwe tofauti na ya mfumo, kadi ya grafiki yenye kumbukumbu GB 8 au zaidi, maana kusafisha chenga za ukumbi wenye giza ndiko kunakomaliza kumbukumbu, siyo rangi. UPS ni lazima. Vumbi la Dodoma mnalijua, fungueni mashine mpulize feni kabla joto la Oktoba halijaanza.

Chumba kina kesi kubwa kuliko kompyuta. Dirisha linatazama magharibi, saa kumi jioni, pazia ni kitenge chekundu: ukuta mzima unakuwa mwekundu, jicho linazoea, nawe unaanza kusukuma picha kuelekea wekundu bila kujijua. Tundika pazia zito jeusi. Vyumba vingi vya kupanga hapa mjini vimepigwa krimu au pichi, kwa hiyo omba ruhusa kwa mwenye nyumba upake kijivu walau ule ukuta ulio nyuma ya monita. Fundi rangi akichanganya nyeupe na nyeusi peke yake, kijivu kinaelemea ubluu. Mwambie adondoshe njano kidogo ile ya udongo, apake kwenye kipande cha ubao, kikauke. Kisha kipige picha kivulini pamoja na kadi ya kijivu, ingiza Resolve, sawazisha nyeupe kwa kadi, tazama vektaskopu (skopu ya rangi, isiyo na rangi hukaa katikati): ubao ukikaa katikati pamoja na kadi, paka ukuta. Ukikimbilia pembeni, ongeza tone. Fundi atakuona mwehu, mlipe tu. Nyuma ya monita weka taa ya kelvini 6500, hafifu, isizidi sehemu moja ya kumi ya mwanga wa nyeupe ya monita.

Kuna mambo mawili yananitatiza mimi mwenyewe. Gama 2.4 ni ya chumba chenye giza. Watazamaji wetu wengi wako kwenye simu, kwenye daladala, jua linapiga kioo. Kazi ya televisheni nairudisha 2.4, kazi ya mtandaoni naiacha 2.2, na wapo wenzangu wanaoniambia hiyo ni dhambi. Siwezi kuapa kwamba wamekosea.

La pili ndilo linaloninyima raha. Weka monita ya LCD na ya OLED ubavu kwa ubavu, zipime zote mpaka kipima kiseme nyeupe ni ileile, x 0.3127, y 0.3290, ndizo namba za D65. Zitazame. OLED itaonekana imeingia ukijani, na mwenzako aliyekaa kando anaweza kuona tofauti na unavyoona wewe. Mwanga wa paneli hizi umeundwa tofauti, na hesabu ya jicho la binadamu tunayopimia ni ya mwaka 1931. Sony wenyewe waliwahi kushauri nyeupe ya OLED zao isogezwe kidogo na namba za kitabu. Kwa hiyo baada ya vipimo vyote hivi, mimi nafungua kiraka cheupe kwenye zote mbili na kusogeza OLED kwa jicho mpaka zikubaliane, jambo ambalo aya zote za juu zinakukataza. Mteja akiingia, moja naizima kabisa. Akiziona mbili zinatofautiana hata kwa ukucha, kikao chote kitaishia kujadili monita na harusi yake itabaki ilivyokuwa.