Breki haziimalizi nishati ya basi

Kuna imani ya miaka mingi, vijiweni na hata kwenye madaftari ya sekondari: basi likisimama, nishati yake imeisha. Haijaisha. Imegeuka joto, sehemu kubwa ikiwa kwenye breki zenyewe, kidogo kwenye matairi na hewa.

Tuchukue basi la kilo 15,000 linaloingia Dodoma mjini kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Nishati mwendo ni nusu ya uzito huo mara kasi kwa kipeo cha pili: jouli milioni 3. Likisimama kwenye barabara tambarare, joto hilo lingetosha kupasha lita 10 za maji kutoka nyuzi 25 hadi karibu 96. Chai ya abiria wengi tu.

Wengi hukosea pia hapa: wanadhani kasi ikipungua nusu, joto nalo hupungua nusu. La. Kwa mita 10 kwa sekunde linabaki robo, jouli 750,000.

Mteremko wa Nyang'oro, barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ni hesabu nyingine. Dereva akishuka kwa kasi ileile, nishati mwendo haibadiliki hata kidogo, lakini breki zinachemka. Joto linatoka kwenye kimo: kila mita 100 za kushuka wima hutoa takriban jouli milioni 14.7. Ndiyo maana dereva mzoefu huweka gia ndogo mapema, injini ibebe sehemu ya mzigo huo.