Kwa nini matajiri wa La Paz hukaa chini na maskini hukaa juu?

Katika miji yetu mingi, mwinuko ni mali. Mwenye fedha Nairobi hujenga Muthaiga au Kitisuru kwenye hewa ya baridi na miti, na mwenye kipato kidogo hubanana Mathare na Mukuru, kandokando ya mito, ambako mafuriko hufika kwanza. Wakoloni nao walikimbilia Lushoto na nyanda za juu za Kenya kwa sababu hiyohiyo. Tumezoea kuona cheo na kilima vikienda pamoja.

Sasa njoo La Paz, Bolivia. Hapa nyumba za kifahari zenye bustani ziko chini kabisa bondeni, na kadiri unavyopanda ndivyo kuta zinavyobaki matofali bila lipu, barabara zinavyokuwa za vumbi na mabati yanavyozidi. Ukifika juu kabisa, ukingoni, umeingia mji mwingine uitwao El Alto, yaani “juu”, ambao kwa sehemu kubwa ni mji wa Waaymara, wenyeji wa asili wa nyanda hizo. Kwa nini mambo yamegeuka hivi?

Tuanze na mita. Katikati ya La Paz ni kama mita 3,640 juu ya usawa wa bahari. Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutembea siku mbili kufika kituo cha Horombo, kilicho mita 3,700 na ushei, na mara nyingi waongoza wageni humshauri apumzike hapo siku nzima ili mwili uzoee. Mkazi wa La Paz anauza mkate, anaendesha basi na kumpeleka mtoto shule kwenye mwinuko huohuo. El Alto iko mita 4,100 hivi. Kusini, bonde linashuka hadi mita 3,200 na kitu, na huko ndiko Zona Sur, mitaa ya Calacoto na Achumani, makazi ya wenye nazo. Kwa hiyo kati ya tajiri na maskini wa eneo hilihili kuna tofauti ya mita 800 au zaidi, kwenda juu.

Mita 800 si kitu kidogo. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo asubuhi moja inaweza kuwa na ubaridi wa kawaida Calacoto na barafu juu ya madimbwi El Alto. Tena El Alto iko kwenye uwanda mpana uitwao Altiplano, usio na mti wala kilima cha kuzuia upepo. Hewa yenyewe ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta El Alto ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam au Mombasa, na kule Zona Sur inakaribia asilimia 70. Mgeni hulihisi hilo akipanda ngazi chache tu: moyo unadunda, kichwa kinagonga, usingizi unakatika. Wenyeji huliita tatizo hili *soroche*, na humpa mgeni chai ya majani ya koka.

Mpishi naye analijua jambo hili kwa njia yake. Kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo, maji ya La Paz huchemka yakiwa kwenye nyuzi 88 hivi badala ya 100. Yanatokota kweli, lakini moto wake hautoshi kulainisha maharage upesi. Bila sufuria ya presha, utayasubiri hadi jioni.

Wahispania walioanzisha mji huo waliugundua mapema ugumu wa kukaa juu. Oktoba 1548, nahodha Alonso de Mendoza aliutangaza mji mpya mahali paitwapo Laja, juu kwenye uwanda wazi. Siku chache tu baadaye wakauhamishia bondeni, Chuquiago, mahali palipokuwa pakikaliwa na wenyeji tayari. Palikuwa na kinga ya upepo, palikuwa na maji, na mto Choqueyapu ulikuwa na dhahabu. Wahispania wakachukua upande mmoja wa mto, wenyeji wakaachiwa mwingine. Katika karne ya 20, wenye fedha waliendelea kushuka na mto kutafuta joto, na waliotoka vijijini wakajenga pale walipopata nafasi: kwenye miteremko, kisha ukingoni juu.

Mwaka 1985 ndio ulioikuza El Alto kwa kishindo. Bei ya madini ya bati duniani iliporomoka, serikali ikafunga migodi yake mingi, na wachimbaji zaidi ya 20,000 wakakosa kazi. Wengi walihamia El Alto, wakaungana na wakulima waliokuwa wamekimbia ukame wa miaka michache kabla. Ardhi ilikuwa tambarare na ya bei nafuu, na barabara za kwenda vijijini kwao zilianzia palepale. Kufikia sensa ya 2012, El Alto ilikuwa imeshaipita La Paz kwa idadi ya watu.

Kuna jambo moja ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kukaa juu ni shida, lakini pia ni nguvu. Mji ulio shimoni hula na kunywa kwa hisani ya walio ukingoni. Mwaka 1781 Túpac Katari, kiongozi wa Waaymara, pamoja na mkewe Bartolina Sisa, waliuzingira mji wa La Paz kutoka juu kwa miezi kadhaa, na njaa ikaua maelfu ya watu ndani. Katari alikamatwa na kuuawa kikatili Novemba mwaka huohuo, na Sisa akauawa mwaka uliofuata. Oktoba 2003 wakazi wa El Alto walifunga barabara za kushukia bondeni kupinga mpango wa kuuza gesi nje ya nchi. Mafuta na chakula havikushuka bondeni, watu wengi walipigwa risasi na kufa, na rais Gonzalo Sánchez de Lozada akajiuzulu na kuikimbia nchi.

Kwa muda mrefu safari kati ya miji hii miwili ilikuwa ya mabasi madogo yaliyokwama kwenye kona za mlimani. Mwaka 2014 yakaanza magari ya nyaya yaitwayo Mi Teleférico. Njia tatu za kwanza zilipewa rangi za bendera ya Bolivia: nyekundu, njano na kijani. Leo ziko 10, zenye zaidi ya kilomita 30 kwa jumla, na hakuna mji mwingine duniani wenye mtandao mrefu kuliko huo. Hapa kwetu magari ya namna hiyo yamezungumzwa kama njia ya kuwapandisha watalii Kilimanjaro. Kule ni daladala ya angani. Ukitaka kuielewa La Paz, anzia El Alto kwa njia ya njano, badilisha uchukue ya kijani, ushuke Irpavi. Utavuka kimya kimya juu ya paa za mabati, kamba za nguo na viwanja vya mpira, kisha juu ya mabwawa ya kuogelea, kwa nauli ndogo ileile anayolipa mfanyakazi wa ndani anayekwenda kazini.

Baada ya hapo, chagua kwa mita. Chini, Mallasa, kuna Valle de la Luna, Bonde la Mwezi, ambako mvua na upepo vimechonga udongo ukawa misitu ya vichuguu vyembamba. Lakini usilitazame kama pambo tu: udongo dhaifu kama huo ndio ulio chini ya nyumba nyingi za miteremkoni, na ndiyo maana masika ya La Paz huja na maporomoko. Juu, El Alto, siku za Alhamisi na Jumapili kuna gulio la 16 de Julio, ambako utapata kila kitu kuanzia mitumba hadi injini ya gari. Hukohuko utaona majumba ya mbunifu Freddy Mamani yenye rangi kali na nakshi za Kiaymara, yaliyojengwa na wafanyabiashara waliotajirika na wakaamua kubaki juu. Hao wanavuruga hesabu yangu ya tajiri chini na maskini juu, na ninafurahi wanaivuruga.

Juu zaidi, kwenye mita zaidi ya 5,300, ni Chacaltaya. Hapo watu waliteleza kwenye theluji kwa miongo mingi, mpaka barafu yake ikayeyuka yote mwaka 2009. Anayeitazama barafu ya Kilimanjaro ikisinyaa ataupanda mlima huu kwa moyo mzito.

Safari ambayo mimi ningeiweka mbele ya zote ni ya kushuka Yungas. Barabara inapanda kwanza hadi kwenye njia ya mlimani ya La Cumbre, mita 4,600 na zaidi, halafu inaporomoka kilomita tatu kwenda chini hadi kwenye mawingu, migomba, kahawa na mashamba ya koka. Barabara ya zamani, nyembamba na yenye makorongo, iliua wengi hata ikaitwa Barabara ya Kifo. Tangu 2006 magari mengi hutumia mpya. Na huko chini, katika vijiji kama Tocaña na Mururata, utakuta watu weusi. Ni wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani, wengine wakapelekwa Potosí, mji wa machimbo ya madini ya fedha ulio juu ya mita 4,000, kisha kwenye mashamba ya Yungas. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1851, ila waliendelea kumtumikia mwenye shamba bila ujira hadi mageuzi ya ardhi ya 1953. Katiba ya 2009 iliwataja kwa mara ya kwanza kama mojawapo ya watu wa Bolivia. Wanawake wao huvaa sketi pana kama Waaymara, na ngoma yao, saya, huchezwa kwa kuitikiana, mmoja anaanza na wengine wanapokea.