Siku ya tatu mpe jembe: tunayoyakosea tukipokea ndugu na kuwatembeza

Ndugu wakitoa taarifa kwamba wanakuja kukaa wiki nzima, wenyeji wengi hukimbilia kalamu. Jumatatu makumbusho, Jumanne maporomoko, Jumatano mji wa kale. Nimewahi kuandika ratiba ya aina hiyo, siku saba bila saa moja iliyo tupu. Ilivunjika siku ya pili, saa tano asubuhi, shangazi alipoketi kwenye benchi katikati ya ukumbi wa makumbusho, akavua viatu na kusema, "Mwanangu, nyie endeleeni. Mtanikuta hapa hapa."

Dhana: mgeni asipotembezwa kila siku ataona amepuuzwa

Uchovu wa shangazi si wa uzee peke yake. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Boston, Marekani, aliandika makala kuhusu uchovu wa makumbusho. Alionyesha picha za mtu anayejaribu kuangalia vitu vilivyopangwa kwenye makabati ya vioo: mara ameinama, mara amechuchumaa, mara amejinyoosha shingo. Lawama aliitupia mpangilio wa makabati, si miguu ya mtazamaji. Hata kwenye ukumbi uliopangwa vizuri, kusimamasimama kunachosha kuliko kutembea moja kwa moja; muulize askari yeyote wa lindo.

Siku hizi napanga jambo moja kubwa kwa siku, tena asubuhi wakati watu bado wana nguvu, na mchana nauacha wazi. Wazi kweli, si wa kujazwa na "tupitie mara moja tu pale". Kila "mara moja tu" ya watu saba ni saa nzima: mmoja anatafuta choo, mwingine amesahau miwani garini, watoto wanataka picha nyingine. Ramani ya simu ikikwambia saa mbili, inahesabu gari lisilosimama popote.

Dhana: "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" ni methali ya kumfukuza mtu

Hii ndiyo ninayoipigia kelele zaidi. Watu huitumia kwa kejeli, mgeni akikaa sana. Mimi naisoma vingine: mwenye jembe mkononi si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani. Mwangalie mama mkwe aliyekatazwa kushika chochote. Siku ya kwanza anafurahi. Siku ya pili anazunguka sebuleni akinyoosha vitambaa vilivyonyooka. Siku ya tatu anaanza kuuliza ndege ya kurudi ni lini. Mpe kikapu cha nguo zilizokauka azikunje na maongezi yatakuja yenyewe. Ndugu wengi huzungumza vizuri mikono ikiwa na kazi. Angalizo moja tu: kazi iwe ndogo na ya kweli, na usirudi nyuma yake kukunja upya alichokwisha kukunja. Anaona.

Dhana: aliyetoka safari ndefu alale mpaka aamke mwenyewe

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna uchovu wa kukaa kwenye kiti saa nyingi, na kuna kuvurugika kwa saa ya mwili. Hilo la pili huja kwa kuvuka kanda za saa, mashariki au magharibi. Cairo na Cape Town ziko kwenye ncha mbili za bara, lakini saa zake hulingana au kupishana kwa moja tu. Anayesafiri kati yake atachoka na kulala, basi. Aliyevuka kanda sita ni mwingine kabisa. Mwili wake hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, na wengi huteseka zaidi wakielekea mashariki, maana mwili huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Kinachoirudisha saa hiyo ni hasa mwanga na giza. Ukimfungia mapazia mchana kutwa, saa nane usiku utamsikia jikoni akitafuta chai. Usingizi wa dakika 20 au 30 hauna neno, kisha mtoe nje, mtembee polepole karibu na nyumbani. Ziara kubwa zisubiri siku mbili tatu.

Dhana: mtoto anayetapika garini apewe simu ajisahaulishe

Kinyume chake. Sikio la ndani linauambia ubongo kwamba mwili unasogea. Macho yaliyogandishwa kwenye kioo cha simu yanasema umetulia. Ubongo unapopokea habari mbili zisizopatana, tumbo ndilo linalolipa. Dereva, ambaye macho yake yako barabarani, ni nadra kuugua. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio hukumbwa zaidi, kwa hiyo mtoto abaki nyuma kwenye kiti chake cha usalama, lakini akae anapoweza kuona nje, mbali, na dirisha lifunguliwe kidogo. Mtu mzima mwenye shida hiyo apewe kiti cha mbele bila kujali ukubwa wa nani kwenye ukoo. Na vidonge vya kuzuia kichefuchefu hunywewa kabla ya kuondoka. Ukisubiri mtu aanze kubadilika rangi umechelewa.

Maadamu tuko garini: eti ukiacha vioo wazi kidogo, gari lililoegeshwa juani halipati joto. Linapata, na joto la ndani laweza kupanda zaidi ya nyuzi kumi za Selsiasi kwa dakika kumi. Asibaki mtoto humo, wala mzee anayesinzia, wala dawa. Insulini huharibika kwa joto na huharibika pia ikiganda. Ile ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika kwa kawaida huvumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, kadiri karatasi yake inavyoelekeza. Kwa hiyo baba mdogo mwenye kisukari hana sababu ya kukosa safari ya siku nzima. Anahitaji kimfuko kinachotunza ubaridi na mtu asiyekisahau garini.

Dhana: mwenyeji ndiye anayejua

Mwenyeji anajua njia ya kazini. Vivutio vya eneo lake kwa kawaida alivitembelea mara ya mwisho na mgeni aliyepita, au hajawahi kabisa, kwa kuwa vipo tu, havikimbii. Ndiyo maana tunafika getini na kukuta kufuli. Makumbusho mengi hufungwa siku moja ya wiki, na siku yenyewe haifanani: nyingi huchagua Jumatatu, Louvre ya Paris hufunga Jumanne. Piga simu au angalia tovuti usiku wa kuamkia safari. Binamu yako wa miaka kumi na minne pengine ameshaangalia. Muulize, naye atatembea kifua mbele siku nzima.

Dhana: tumekuja pamoja, twende pamoja kila mahali

Msafara mzima huishia kwenda kwa mwendo wa mchovu kuliko wote, naye huona aibu. Gawaneni. Wapanda mlima wapande, wapenda kivuli wakae kivulini, mkutane mahali na saa mliyokubaliana. Kiti cha magurudumu cha kuazima getini, pale kinapopatikana, si cha wagonjwa tu.

Fedha nazo zisemwe kabla ya safari: nani mafuta, nani viingilio. Eti kuulizana ni aibu! Aibu ni kunyang'anyana bili mbele ya karani.

Dhana: wakikaa siku nyingi zaidi watakumbuka zaidi

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio la watu waliotia mkono kwenye maji baridi. Mara moja ilikuwa sekunde 60. Mara nyingine sekunde 60 zilezile, kisha 30 zaidi huku maji yakipashwa joto kidogo. Walipoulizwa lipi wangerudia, wengi walichagua lile refu, kwa sababu lilimalizika afadhali. Urefu haukuhesabiwa sana, mwisho ulihesabiwa.

Tangu nilipolijua hilo, siku ya mwisho sipangi kivutio wala kukimbilia manunuzi. Masanduku hufungwa mchana, jioni tunakaa nje tukioneshana picha na kubishana nani alipotea wapi. Shangazi alipiga simu miezi miwili baada ya ile ziara. Kuhusu makumbusho hakuuliza neno. Alitaka kujua kama binti wa yule mlinzi, aliyekaa naye kwenye benchi, alifaulu mtihani wake.