Masega ya Gari na Damu Yako: Maswali na Majibu

Masega ni kitu gani hasa?

Ni kifaa kilichomo kwenye bomba la ekzosi la gari la petroli, kabla moshi haujafika kwenye mafla. Ndani mna kigae chenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki, na kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni madini ghali. Ndiyo maana wanunuzi wa masega chakavu hawakosekani.

Yanauchuja moshi?

Hayachuji, yanabadili. Kaboni monoksidi inageuzwa kaboni dioksidi. Petroli isiyoungua, pamoja na benzini inayoweza kuleta saratani ya damu, inakuwa kaboni dioksidi na maji. Oksidi za nitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kuamsha pumu, zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Yakiwa mazima na yamepata moto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hizo.

Kwa nini kaboni monoksidi inaogopwa hivyo?

Inang'ang'ania metali. Damu hubeba oksijeni kwa chuma kilichomo kwenye himoglobini, na gesi hii hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Haina rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni malaria.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayoinasa ndani ya masega. Ikigusa platinamu, inanata. Molekuli ya oksijeni ikitua hapo inavunjika kuwa atomu mbili. Moja inaungana na kaboni monoksidi iliyo jirani, kaboni dioksidi inazaliwa na kuondoka, nafasi inabaki kwa nyingine. Platinamu yenyewe hailiki. Mjerumani Gerhard Ertl alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2007 kwa kuchunguza mambo ya namna hii kwenye uso wa metali.

Mbona gari likiwashwa asubuhi moshi hunuka zaidi?

Masega baridi hayafanyi kazi; yanahitaji nyuzi joto 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo kaboni monoksidi inajazana juu ya platinamu, oksijeni ikakosa pa kutua. Joto ndilo huibandua. Kwa hiyo usiache gari likiunguruma kwenye gereji iliyofungwa, hata likiwa jipya.

Fundi anataka kuyatoa ili gari liwe jepesi. Nikubali?

Usikubali. Ni kweli masega yakiziba gari hukosa nguvu, ila mara nyingi kuna ugonjwa nyuma yake: plagi mbovu inayopitisha petroli mbichi, au injini inayokula oili. Tibu hilo kwanza. Ukiyatoa, gesi zote zinatoka zilivyo, na wanaozivuta ni bodaboda aliye nyuma yako na muuza karanga wa kwenye mataa.

Mtu akizidiwa na moshi wa gari?

Mtoeni nje kwenye hewa, kisha mkimbizeni hospitali akapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, kaboni monoksidi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6 hivi. Kwa oksijeni safi, kama saa 1 hadi 1 na nusu. Mkifika, tajeni moshi mapema: kile kipimo cha kubana kidoleni hakiitofautishi kaboni monoksidi na oksijeni, na kinaweza kusoma asilimia 98, kana kwamba oksijeni inatosha, wakati mgonjwa yuko hatarini.