Mafuta ya zeituni yakikuwasha koo, usiyarudishe dukani

Wiki hii tena mteja amenirudishia chupa. "Haya yameharibika, yananikereketa koo." Nimechoka kulisikia hili, basi tusikilizane.

Mafuta hayo yanatoka Krete, Ugiriki, na yamekamuliwa kutoka koroneiki, zeituni ndogo ndogo ambazo huchumwa kuanzia mwishoni mwa mwaka. Zikichumwa mapema, zingali mbichi, mafuta huwa machungu na makali. Ndivyo yanavyotakiwa! Kinachowasha koo ni oleokanthali, kemikali ya asili iliyomo kwenye mafuta hayo. Mtafiti Gary Beauchamp alionja mafuta mapya huko Sicily, Italia, akahisi mwasho uleule wa ibuprofeni ya maji, dawa ya maumivu, na mwaka 2005 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba oleokanthali huzuia vimeng'enya vilevile ambavyo dawa hiyo huvizuia. Sisemi kijiko kimoja ni tiba. Nasema mwasho si ubovu.

Waonjaji rasmi, katika fomu zao, huandika uchungu na ukali upande wa sifa, pamoja na harufu ya tunda. Kasoro ni ukungu, harufu ya siki, uvundo. Mafuta yaliyoharibika hupoteza ule ukali, yakanuka kama karanga zilizosahauliwa kabatini. Wengi wetu tumezoea yale yaliyosafishwa kiwandani hadi hayana ladha, ndiyo maana mazuri yanatushtua. Weka kijiko kimoja mdomoni, vuta hewa kwa meno, meza, subiri kidogo. Ukikohoa, umepata mali.

Rangi ya kijani nayo si kipimo. Waonjaji hao hutumia glasi za rangi ya bluu makusudi, wasiione.

Na yale maneno "mkamuo wa kwanza" kwenye chupa? Vinu vya leo vingi huzungusha rojo la zeituni kwenye mashine, mara moja, basi. Kilicho muhimu ni joto lisizidi nyuzi 27, hapo ndipo sheria ya Ulaya inaporuhusu yaitwe yaliyokamuliwa kwa baridi.

Na wanaoyajaribu kwenye friji: mafuta kuganda humo hakuthibitishi kwamba ni halisi.

Na tafadhali, msiyahifadhi miaka kama mvinyo. Vinsanto, mvinyo mtamu wa kisiwa cha Santorini, Ugiriki, hukaa kwenye mapipa miaka miwili au zaidi ikazidi kunoga. Mafuta huanza kushuka tangu siku yalipokamuliwa. Nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, soma tarehe ya mavuno, iweke mbali na jiko na dirisha, uimalize ndani ya miezi miwili baada ya kuifungua.