Kituo cha Mkono kwa Mkono ni nini?

Kituo cha Mkono kwa Mkono ni mahali pamoja, kwa kawaida ndani ya hospitali, ambapo mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono huonana na daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, ofisa ustawi wa jamii na mnasihi bila kuzungushwa. Zanzibar ilifungua cha kwanza katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na kwa Tanzania Bara huduma hii ilianzia Hospitali ya Amana, Dar es Salaam.

Umuhimu wake unaonekana mtu akikumbuka utaratibu wa kawaida ulivyo mahali ambapo kituo hakipo. Mzazi huanzia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza baada ya kumpima aliyeumizwa, mtoto akahojiwa kaunta huku watu wakisikia, kisha hupanga foleni hospitalini na kumweleza daktari yaleyale, halafu fomu hurudishwa polisi na maswali huanza upya. Kila anaposimulia hujeruhiwa tena, na tofauti ndogondogo za maelezo, ambazo ni za kawaida kwa mtoto aliyechoka na kuogopa, huja kutumiwa mahakamani kumwonyesha kuwa ni mwongo. Si ajabu familia nyingi huishia njiani.

Kituoni, PF3 hujazwa papo hapo, na mtoto husikilizwa katika chumba cha faragha na mtu aliyefunzwa kuzungumza na watoto, ambaye huweza kumpa mwanasesere au kalamu za rangi ili aonyeshe asichoweza kukitamka.

Muda ni jambo la kuzingatiwa sana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri zaidi. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Mama hutamani kumwogesha mwanawe mara moja, na hisia hiyo inaeleweka, lakini maji huondoa ushahidi. Nguo alizovaa zisifuliwe, na zifungwe kwenye karatasi badala ya mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huziozesha. Aliyechelewa naye apelekwe, kwani vipimo, unasihi na mashtaka bado vinawezekana.

Kinachokwamisha zaidi ni muhali, yaani kuoneana haya. Mtuhumiwa mara nyingi ni jirani, ndugu au mtu anayeheshimika, basi wazee hukaa kikao, fedha zikatolewa, na shauri likafungwa kwa hoja kwamba hakuna aliyeona. Hoja hiyo haina nguvu: Sheria ya Ushahidi ya Tanzania Bara inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Asiyejua kituo kilicho karibu anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, hata kama ana wasiwasi tu kuhusu mtoto wa jirani.

Iwapo mtuhumiwa anaishi nyumba moja na mtoto, ofisa ustawi wa jamii hutafuta makazi salama, pengine kwa shangazi au bibi. Kwa maoni yangu, panapowezekana, anayestahili kuihama nyumba ni mtuhumiwa, ili mtoto abaki na shule yake, kitanda chake na rafiki zake.