London hadi Paris ni kilomita 350 tu: mbona ndege inatumia saa moja na robo?

Ukivuta mstari ulionyooka, London na Paris zimeachana kwa kilomita zipatazo 350. Ndege ya abiria ikishatulia angani huenda kilomita 800 kwa saa, au zaidi. Kwa hesabu hiyo, safari ingechukua chini ya nusu saa. Lakini ukitazama tiketi, utaona saa moja na robo, na wakati mwingine zaidi.

Kwanza, muda wa ratiba si muda wa kuruka. Saa inaanza kuhesabiwa ndege inapoachana na geti, na inakoma inapoegeshwa upande wa pili. Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, ina njia mbili tu za kurukia na kutua, kwa hiyo ndege hujipanga foleni. Mashirika nayo huongeza dakika za akiba kwenye ratiba, ili ndege ikikwama kidogo bado isemekane imefika kwa wakati. Ndiyo maana rubani hutangaza kwa furaha kwamba mmewahi, ilhali mliondoka mmechelewa.

Halafu kuna upepo. Ndege huruka na kutua ikiukabili, na London upepo mwingi hutoka magharibi. Paris iko kusini-mashariki. Basi siku nyingi ndege huanza safari kwa kuelekea kusiko, kisha inageuka. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida hairuhusiwi kupita takriban kilomita 460 kwa saa, na katika safari fupi hivi, sehemu kubwa ya njia ni kupanda na kushuka. Ule mwendo wa 800 haudumu.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni saa za ukutani. Ukitoka London saa tatu asubuhi, unafika Paris saa tano na robo. Ukitoka Paris saa sita mchana, unatua London saa sita na robo, kana kwamba umesafiri dakika 15! Paris iko mbele kwa saa moja, ingawa kwa jua tofauti ya miji hii ni kama dakika 10 tu. Chanzo ni vita: mwaka 1940 Wajerumani walipoiteka Paris waliiingiza kwenye saa za Berlin, na baada ya vita Ufaransa ikabaki nazo.

Tangu 1994 kuna pia treni inayopita chini ya bahari, kwenye handaki la kilomita 50 hivi. Inatumia saa mbili na dakika 20 hivi, lakini inakutoa katikati ya mji na kukushusha katikati ya mji, wakati Heathrow na Charles de Gaulle, uwanja wa ndege wa Paris, ziko zaidi ya kilomita 20 nje. Ningepanda treni, isipokuwa kama Paris ni mahali pa kubadilishia ndege tu.